Kabla ya Kupanda Ndege Kwenda Ghuba: Mambo Yanayoipasa Jamaa Nzima

Juma hili ukurasa wa nyumbani watoka kidogo jikoni na bustanini, waelekea uwanja wa ndege wa Entebbe. Sababu yake mnaijua. Ni kambi chache leo zisizo na nyumba iliyopeleka mtu wake Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar au Oman. Wengine ni askari waliostaafu wanaokwenda kulinda maduka na maghala. Wengine ni mabinti wanaokwenda kupika, kufua na kulea watoto wa watu. Wako waliorudi wakajenga nyumba ya matofali, na wako waliorudi na mkoba mtupu na deni mlangoni. Tofauti baina ya hao wawili si bahati peke yake. Mara nyingi ilianzia hapa nyumbani, majuma machache kabla ya safari, katika karatasi zilizosomwa au zisizosomwa, na katika maneno yaliyosemwa au yaliyonyamaziwa baina ya mume na mke.

Kufanya kazi ugenini si aibu, wala si jambo geni kwetu. Tangu mwaka 2005 maelfu ya Waganda walikwenda Iraq kulinda kambi za Wamarekani, na wengi wao walikuwa watu waliokwisha kushika bunduki. Waliotangulia walilipwa vizuri. Watafuta kazi walipoongezeka, mshahara ukashuka, ingawa lindo lilikuwa lile lile na hatari ile ile. Funzo lake ni jepesi: usiondoke kwa hesabu ya mshahara aliopata jirani miaka mitano iliyopita. Ondoka kwa hesabu ya mshahara ulioandikwa katika mkataba wako wewe.

RUHUSA KWANZA

Askari ambaye bado yumo kazini hana haki ya kufunga mizigo kimyakimya. Jeshi halitamwita msafiri, litamwita mtoro, na jina hilo humfuata mtu hata akirudi na fedha. Polisi naye hajiuzulu kwa kutoonekana lindoni. Mwenye nia ya kwenda na amwendee mkubwa wake, afuate utaratibu wa kuachishwa au kustaafu, apewe karatasi zake, ndipo aanze safari. Karatasi hizo zitamfaa zaidi ya anavyodhani, maana makampuni ya ulinzi huuliza mwombaji alitumika wapi na aliachana vipi na kazi yake.

Mstaafu mwenye malipo ya uzeeni aulize kabla ya kuondoka ni namna gani atakavyothibitisha kwamba yu hai wakati wa uhakiki wa wastaafu. Ni swali la dakika tano ofisini, lakini asipoliuliza, malipo yaweza kusimama naye yuko mbali.

WAKALA NA KARATASI

Katika nchi yetu kazi ya kupeleka watu ng'ambo inasimamiwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na kanuni zake zilitengenezwa upya mwaka 2021. Kila kampuni ya kupeleka wafanyakazi hapana budi iwe na leseni ya Wizara hiyo, na orodha ya makampuni yenye leseni huwekwa wazi, hata kwenye intaneti. Kwa hiyo mtu akikujia kanisani, msikitini au kwenye kibanda cha chai, akikuambia ana kazi Dubai na ndege ni keshokutwa, mwulize jina la kampuni yake, kisha nenda ukalitafute katika orodha. Leseni huisha muda wake. Tazama pia tarehe.

Zifuatazo ni dalili za mtu wa kuepukwa. Hataki kukupa stakabadhi ya fedha. Anataka akushikie pasipoti kabla hujauona mkataba. Anakutaka upite nchi jirani kwa basi badala ya kuondokea Entebbe. Anakukataza usimwambie mtu. Na kubwa kuliko zote, anakupeleka kwa viza ya matembezi, akisema viza ya kazi utaipata huko huko. Viza ya matembezi ikiisha, mwenye nayo huhesabiwa faini kila siku, na mwajiri mbaya hujua kwamba mtu huyo hawezi kwenda polisi kulalamika. Tangu mwaka 2009 tunayo sheria ya kuzuia biashara ya watu. Anayewadanganya watu ili wakatumikishwe ng'ambo ni mhalifu, nanyi mlio polisi mnajua namna ya kumshika.

Pasipoti huombwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, na mtu wa mbali aweza kwenda ofisi za Mbarara, Mbale au Gulu badala ya kusafiri hadi Kampala. Ada hulipwa benki kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu. Kadhalika utahitaji kitambulisho cha taifa, cheti cha tabia njema kutoka ofisi ya Interpol ya polisi wetu, na uchunguzi wa afya katika hospitali inayokubaliwa na nchi za Ghuba. Usiuze ng'ombe wala kukopa nauli kabla ya kupimwa. Wako waliouza kwanza, kisha kipimo cha mapafu au cha damu kikawakatalia safari.

Toa nakala tatu za kila karatasi. Moja kaa nayo mwilini, ya pili iweke ndani ya mzigo, ya tatu iache nyumbani kwa mtu asiyepoteza vitu. Zipige picha pia kwa simu, uzitume kwa mtu huyo huyo.

MKATABA USOMWE MEZANI

Mkataba si karatasi ya kutiwa sahihi uwanja wa ndege, abiria wakisukumana. Uletwe nyumbani, usomwe mezani, mwenye macho mazuri asome kwa sauti na wengine wasikilize. Ulizeni mambo haya: Jina la mwajiri ni nani, na mji gani? Kazi ni ipi hasa? Mshahara ni kiasi gani, kwa fedha gani, na hulipwa tarehe ngapi? Saa za kazi ni ngapi, na siku ya kupumzika ni ipi? Nani analipa chakula, malazi, matibabu na nauli ya kurudi? Mkataba wadumu miaka mingapi? Katika nchi hizo, maandishi ya Kiarabu na ya Kiingereza yakitofautiana, mahakama hushika yale ya Kiarabu. Basi mtafuteni mtu anayesoma Kiarabu, kama mwalimu wa madrasa, awahakikishie kwamba pande mbili zinasema neno moja.

Yafaa pia mjue sheria za huko zinampa mfanyakazi nini. Qatar tangu Machi 2021 imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, pamoja na wa nyumbani; na mwajiri asiyetoa malazi huongeza riyali 500, asiyetoa chakula huongeza riyali 300. Falme za Kiarabu kwa sheria ya mwaka 2022 zinampa mtumishi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila juma, saa 12 za kupumzika kwa siku, 8 kati yake zikiwa mfululizo, na likizo ya siku 30 yenye malipo kwa mwaka. Katika Saudi Arabia mkataba wa mtumishi wa nyumbani huandikwa katika mtambo wa serikali yao uitwao Musaned. Mwulize wakala akuonyeshe mkataba wako humo; asipoweza, usiende.

Sheria zipo, lakini tusidanganyane. Nchi hizo zimekulia katika mfumo wa kafala, yaani mgeni hukaa nchini kwa dhamana ya mwajiri wake. Zimeulegeza kila moja kwa kiasi chake, lakini mtumishi wa nyumbani ndiye aliyefaidi kidogo zaidi, kwa kuwa anafanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa. Ndiyo maana mnamo Januari 2016 Serikali yetu ilizuia kupeleka watumishi wa nyumbani Saudi Arabia kutokana na malalamiko ya mateso, na mwaka 2017 njia ikafunguliwa tena kwa masharti. Kuzuiwa huko kuwakumbushe wazazi: binti asipelekwe kwa sababu tu ada ya shule ya wadogo zake imechelewa. Aende akiwa mtu mzima, akiwa anataka, na akiwa anajua aendako.

HESABU YA FEDHA

Tuchukue mfano wa kalamu na karatasi. Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwenye dola ya Marekani: riyali 3.75 ni dola 1. Mtu anayelipwa riyali 1,000 kwa mwezi hupata basi dola 266 na senti kidogo. Kwa miaka 2, yaani miezi 24, ni riyali 24,000, au dola 6,400. Hizo ndizo zote. Hazizidi, hata jamaa wakiwa wengi kiasi gani.

Tuseme mtu huyo hujibakishia riyali 100 kwa sabuni na simu, hupeleka riyali 500 nyumbani kwa chakula na shule, na kuweka akiba riyali 400. Mwisho wa mkataba akiba yake ni riyali 9,600, karibu dola 2,560. Sasa tuseme alikopa dola 1,000 kwa riba ili alipe wakala na nauli. Zaidi ya theluthi moja ya akiba ya miaka miwili imekwisha kuliwa kabla hajaanika nguo ya kwanza. Na aliyeuza shamba la matoke ili aende, ajiulize kama akiba hiyo itamrudishia shamba la ukubwa ule ule kwa bei ya wakati huo. Mara nyingi haitarudisha. Shamba lisiuzwe kwa safari ya kazi. Kama nauli haipatikani bila kuuza ardhi, safari hiyo haijaiva.

Akiba iwekwe kwa jina la yule anayefanya kazi. Afungue akaunti ya benki kabla ya kuondoka, au aendelee na chama cha akiba na mikopo alimo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, akiuliza kwanza masharti ya mwanachama aliye nje. Fedha za chakula zipelekwe kwa anayepika. Ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Fedha za ujenzi zisitumwe zote kwa ndugu mmoja kwa maneno ya simu. Zitumwe kwa hatua, na kabla ya hatua ya pili ipigwe picha ya hatua ya kwanza. Vilio vingi vya waliorudi havikuwa juu ya Mwarabu, vilikuwa juu ya ndugu: nyumba iliyosemekana imefika linta ikakutwa kichaka. Kumtaka ndugu hesabu si kumtukana. Katika jeshi hata risasi huhesabiwa, na hakuna anayenuna.

WANAOBAKI NYUMBANI

Mume na mke wakae wazungumze kabla ya mgeni yeyote kuingia katika shauri hilo. Nani atalala na watoto? Mtoto akiugua usiku, nani ana ruhusa ya kumpeleka hospitali na kutia sahihi? Anayeachiwa watoto apewe barua iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa kijiji, pamoja na kadi zao za chanjo na vyeti vya kuzaliwa. Wanaoishi nyumba za kambi waulize pia: je, aliyepewa nyumba hiyo akiacha kazi, watoto watakaa wapi? Nyumba ya kambi hufuata kazi ya mtu, haifuati machozi yake.

Watoto waambiwe ukweli. Mtoto aliyeambiwa mama ameenda sokoni atamngojea mlangoni kila jioni. Mwambieni ameenda mbali kufanya kazi, mwonyesheni nchi katika ramani, na mpange siku ya simu. Saa ya Riyadh na Doha ni sawa na saa ya Kampala; Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Simu ya Ijumaa au ya jioni iliyopangwa yafaa kuliko simu kumi za ghafla, maana katika nyumba nyingi mtumishi hatazami simu wakati wa kazi.

Jambo moja zaidi ambalo wenzetu wa jeshi wanalielewa upesi: wekeni neno la siri. Chagueni sentensi ya kawaida, mathalan swali juu ya kuku fulani, ambayo maana yake ni kwamba niko hatarini na siwezi kusema wazi. Mwajiri anayesikiliza pembeni hatajua kitu, na nyumbani watajua la kufanya.

MZIGO NA MAMBO YALIYOKATAZWA

Mairungi, ambayo hapa watu huyatafuna lindoni, ni dawa ya kulevya katika sheria za Ghuba. Anayekutwa nayo huenda gerezani. Usikubali kubeba mzigo wa mtu, hata akiwa ni shemeji, bila kuufungua na kuukagua kitu kwa kitu. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli nazo hukatazwa bila kibali. Anayetumia dawa za daktari achukue cheti cha daktari, aulize kwanza, na aziache ndani ya paketi zake. Hirizi, unga na mizizi ya mganga viachwe nyumbani. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu huhesabu uchawi kuwa kosa la jinai, na ofisa wa forodha hatauliza kama ni kinga au ni shari.

Chukueni nguo pana za kufunika mikono na magoti, viatu vya kutembelea, na sweta moja, kwa kuwa usiku wa Desemba huko Riyadh una baridi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, uwe Mwislamu au Mkristo. Usimpige mtu picha bila idhini yake, wala usipige picha kambi au jengo la serikali. Tusi linaloandikwa kwa simu laweza kumfikisha mtu mahakamani katika Falme za Kiarabu.

JOTO

Joto la Julai huko si joto la Gulu. Hupita nyuzi 45, na upepo wenyewe huunguza uso. Serikali za huko zimekataza kazi za juani saa za mchana wakati wa kiangazi: Falme za Kiarabu kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 9 mchana, kati ya 15 Juni na 15 Septemba, Saudi Arabia kuanzia saa 6 hadi saa 9, tarehe hizo hizo, Qatar kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu, kati ya 1 Juni na 15 Septemba. Mlinzi wa mlango wa nje aujue utaratibu huo. Anywe maji kabla ya kiu. Akiona mwenzake anatapika, anaongea ovyo au ngozi imekuwa moto na kavu, amtie kivulini, ammwagie maji, aite gari la wagonjwa upesi. Huo si uvivu, ni ugonjwa unaoua.

LUGHA

Msomaji wa gazeti hili ana mtaji ambao wengine hawana. Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiarabu. Ukihesabu sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, Mwarabu ataelewa. Sabuni, sukari, samaki, dawa, dakika na daftari atayatambua pia. Ongeza machache: moya ni maji, ratib ni mshahara, bukra ni kesho, mamnu ni marufuku, shurta ni polisi. Katika Oman huenda ukastaajabu kusikia mwenyeji akikuamkia kwa Kiswahili fasaha, kwa kuwa jamaa nyingi za huko ziliishi Zanzibar na pwani, zikarudi baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 na hasa baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa utawala.

SHIDA IKITOKEA

Pasipoti ni mali yako na ya Serikali yako. Sheria za Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar zinamkataza mwajiri kuizuia, ingawa wengi bado huizuia. Andika namba yake mahali pengine, na udai kadi yako ya ukaazi, ambayo huko Saudi Arabia huitwa iqama. Weka hesabu ya mishahara katika daftari: tarehe, kiasi, aliyekupa.

Usitoroke ovyo. Mwajiri akikushtaki kwamba umetoroka, wewe ndiwe utakayetafutwa. Kama hulipwi, mwarifu wakala kwa maandishi, jamaa wa nyumbani waende kwa kampuni iliyokupeleka na Wizarani, na malalamiko yapelekwe ofisi ya kazi ya nchi ile. Saudi Arabia namba yake ni 19911. Lakini ukipigwa au ukishikwa kwa nguvu, usingoje barua. Okoa nafsi kwanza. Polisi wa Falme za Kiarabu na Qatar hupatikana kwa 999, wa Oman kwa 9999, na wa Riyadh na Makka kwa 911. Balozi zetu ziko Riyadh, Abu Dhabi na Doha. Namba zao ziandikwe kwenye karatasi, maana simu hunyang'anywa.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayekwenda atarudi, na swali ni atarudia nini. Kabla tiketi haijakatwa, jamaa yote ikae na kuandika katika ukurasa mmoja wa daftari: tunakwenda kutafuta nini, kiasi gani kinatutosha, na mtu wetu atarudi mwaka gani. Kila mmoja atie sahihi, hata mtoto aliyeanza shule. Ukurasa huo ubandikwe ukutani, penye kuonekana na yule anayezipokea fedha.